Siku moja maishani mwangu: kampuni nne, ukurasa mmoja

Saa moja na nusu asubuhi

Kabla sijagusa ujumbe wa mtu yeyote, nafungua ramani ya soko la hisa. Ni mstatili mkubwa uliokatwa vipande. Kila kipande ni kampuni, ukubwa wake unaonyesha thamani ya kampuni hiyo sokoni, na rangi inaonyesha hisa ilivyosogea jana: kijani imepanda, nyekundu imeshuka. Mtindo huu aliubuni Ben Shneiderman, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wala hakuwa na shida na hisa: alitaka kujua ni mafaili gani yamejaza diski ya kompyuta kazini kwao.

Wengi wakiitazama ramani hii hukimbilia kipande kikubwa chenye rangi kali. Mimi natafuta kipande kisichofanana na jirani zake. Benki zote zikiwa nyekundu halafu moja ikawa kijani, hapo pana habari. Zote zikiwa nyekundu kwa pamoja, habari ni ya soko zima, na hakuna kampuni ya kuchunguza.

Leo sina muda wa kuzurura humo. Kamati ya uwekezaji ya mteja wetu imeomba tuwalinganishie Apple, Microsoft, Nvidia na Walmart kwa miaka kumi, kwenye ukurasa mmoja. Barua yao inasema wanahitaji "mchoro tu". Waswahili walishasema, ukiona vyaelea, vimeundwa.

Saa mbili na nusu

Nashusha bei za kufunga, yaani bei ya mwisho ya hisa sokoni kila siku. Sichori chochote cha kumwonyesha mtu kabla sijaichora data ghafi, mbichi kama ilivyokuja, kwa ajili ya macho yangu tu. Jedwali la maelfu ya safu haliwezi kukuonyesha siku iliyokosekana au sifuri iliyojipenyeza. Mstari ukichorwa, kasoro hiyo inaonekana mara moja.

Kijana anayejifunza kazi kwetu amesimama nyuma ya kiti changu. "Kaka, Nvidia iliwahi kupoteza asilimia 90 kwa siku moja?"

Swali zuri sana. Kwenye data ghafi, mwezi Juni 2024 bei inaporomoka kutoka zaidi ya dola 1,200 hadi dola 120 na ushee. Hakuna aliyepoteza kitu. Kampuni iligawanya kila hisa moja kuwa kumi, kwa hiyo aliyekuwa na hisa moja ya dola 1,200 aliamka na kumi za dola 120. Nikamwambia atafute maporomoko mengine ya aina hiyo, akayapata: Nvidia tena mwaka 2021, moja kwa nne, Apple Agosti 2020, moja kwa nne, Walmart Februari 2024, moja kwa tatu. Microsoft haina poromoko lolote, kwa sababu haijagawanya hisa zake tangu 2003.

Baada ya hapo tunachukua bei zilizorekebishwa, yaani za zamani zimepunguzwa ili maporomoko hayo ya bandia yatoweke, na hapa ndipo watu wengi hujikwaa bila kujua. Kuna marekebisho ya mgawanyo peke yake, na kuna marekebisho ya mgawanyo pamoja na gawio, ile sehemu ya faida wanayolipwa wenye hisa. Walmart imekuwa ikilipa gawio tangu miaka ya 1970. Nvidia, baada ya mgawanyo wa 2024, ililipa senti moja ya dola kwa hisa kila robo mwaka. Ukiipa kampuni moja mstari wenye gawio na nyingine mstari usio na gawio, umeshaamua mshindi kabla mbio hazijaanza. Mimi nachukua yenye gawio kwa zote nne, na naandika hivyo juu ya mchoro kwa herufi zinazosomeka, si chini kabisa kwa maandishi ya sisimizi.

Saa nne

Sasa ulinganisho wenyewe. Bei ya hisa moja haisemi chochote kuhusu ukubwa wala ubora wa kampuni. Hisa za daraja A za Berkshire Hathaway, kampuni ya uwekezaji ya Marekani, hazijawahi kugawanywa, na moja imeshapita dola laki tano. Mwaka 2021 ilikaribia dola 429,496.7295, ambayo ndiyo bei kubwa kuliko zote ambayo mfumo wa soko la hisa la Nasdaq ungeweza kuiandika wakati huo, ikabidi mfumo ubadilishwe. Hiyo ni habari ya kompyuta, si ya biashara.

Ajabu ni kwamba fahirisi ya Dow Jones, kipimo cha mwenendo wa hisa za kampuni kubwa za Marekani, mpaka leo hupima kampuni kwa bei ya hisa. Charles Dow alipoianzisha mwaka 1896 alikuwa na kampuni 12 na kalamu, kwa hiyo kujumlisha bei kulikuwa na maana. Matokeo yake ni kwamba Apple ilipogawanya hisa mwaka 2020, uzito wake ndani ya Dow ulipungua ilhali kampuni ilikuwa ileile. S&P 500, fahirisi ya kampuni kubwa zipatazo 500 za Marekani, hutumia thamani ya soko, na ndiyo ninayoiweka kama mstari wa kijivu nyuma ya kampuni zote ninazochora.

Dawa ni kuzianzisha zote kwenye 100. Unagawanya kila bei kwa bei ya siku ya kwanza, unazidisha kwa 100. Kwenye lugha ya kompyuta ya Python ni mstari mmoja wa msimbo, kwenye Excel ni fomula moja ya kuburuta. Kuanzia hapo, mstari ukiwa kwenye 250, pesa imekuwa mara mbili na nusu, iwe ni hisa ya bei gani.

Ila siku ya kwanza ni ipi? Hapa nakaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. S&P 500 ilifika kilele tarehe 19 Februari 2020, ikagusa chini tarehe 23 Machi 2020, imepoteza takriban asilimia 34. Ukianzia tarehe 23 Machi, karibu kila kampuni ni shujaa. Ukianzia mwezi mmoja nyuma, kampuni zilezile, data ileile, mistari inatulia kabisa. Nikiletewa mchoro wa hisa, kitu cha kwanza ninachosoma ni tarehe ya upande wa kushoto, kisha najiuliza kwa nini mtu huyu alianzia hapo.

Suluhisho langu si kuchagua tarehe "sahihi", kwa sababu haipo. Natengeneza kitelezi: unakisogeza, mistari yote inaanza upya kwenye 100. Mpangilio wa kampuni ukibadilika kila unaposogeza, ujue huna hitimisho. Kwenye hizi nne Nvidia inabaki juu karibu popote nianzie, lakini Apple na Microsoft zinapishanapishana, na hilo nalo ni jibu ambalo kamati inapaswa kuliona.

Saa sita

Tatizo linalofuata ni Nvidia yenyewe. Ndani ya miaka hiyo kumi imekua zaidi ya mara mia moja, kwa hiyo kwenye mhimili wa kawaida inapaa kama mlingoti na wenzake watatu wanalala sakafuni kama vile hawakufanya kazi. Nageuza mhimili wa wima kuwa skeli ya logariti. Sasa umbali kutoka 100 hadi 200 ni sawa na kutoka 1,000 hadi 2,000, kwa sababu yote mawili ni kuongezeka mara mbili. Walmart inainuka kutoka sakafuni, na unaona imepanda kwa mwendo wa heshima.

Kijana hakuridhika. Nikamchorea Dow ya miaka mingi. Tarehe 19 Oktoba 1987 ilishuka pointi 508. Tarehe 16 Machi 2020 ilishuka pointi 2,997. Kwenye mhimili wa kawaida, ya 1987 ni mkwaruzo tu pembeni mwa ile ya 2020. Lakini pointi 508 zilikuwa asilimia 22.6 ya fahirisi, na 2,997 zilikuwa asilimia 12.9. Kwenye logariti, 1987 inarudi kuwa shimo refu kama ilivyokuwa kwa waliokuwepo.

"Sasa kwa nini watu hawatumii hii siku zote?"

Kwa sababu wasomaji wengi hawaangalii namba za mhimili, na mstari wa logariti unaweza kumfanya mtu adhani Nvidia na Walmart zinakaribiana. Naweka michoro yote miwili, mmoja mkubwa wa logariti na mdogo wa kawaida pembeni. Kwa kipindi cha mwaka mmoja sijisumbui, wa kawaida unatosha.

Saa saba na nusu mchana

Chakula, na mkutano ambao ungeweza kuwa ujumbe.

Saa nane na nusu

Sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ambayo hakuna mteja anayeiomba: mchoro wa maporomoko. Kwa kila siku unauliza, hisa iko chini kiasi gani ukilinganisha na kilele chake cha juu kabisa mpaka siku hiyo? Mstari haupandi zaidi ya sifuri. Unaning'inia chini yake, na kila shimo linaonyesha kina cha hasara na muda uliochukua kutoka humo.

Mstari wa Nvidia kwenye mchoro wa kwanza unaonekana kama ngazi ya kwenda peponi. Kwenye huu unaona kwamba kati ya mwishoni mwa 2021 na Oktoba 2022 ilipoteza karibu theluthi mbili ya thamani yake. Wangapi wangekaa nayo? Hesabu ya kutoka shimoni nayo ina ukatili wake: ukipoteza asilimia 50 unahitaji kupanda asilimia 100 ili urudi ulipokuwa. Fahirisi ya Nasdaq Composite ilifika kilele cha 5,048.62 tarehe 10 Machi 2000, ikashuka takriban asilimia 78 hadi Oktoba 2002. Kutoka kina hicho unahitaji kupanda zaidi ya asilimia 350. Fahirisi hiyo ilirudi kwenye kilele chake mwaka 2015.

Nazichora kampuni nne kwenye visanduku vinne vya ukubwa mmoja, mhimili mmoja, vimepangwa juu na chini. Kuibandika mistari minne kwenye mchoro mmoja kunazaa tambi.

Saa kumi

Bei peke yake ni maoni ya soko, kwa hiyo chini ya ukurasa naweka biashara zenyewe: mapato na faida. Kumbe hata mwaka si mwaka. Mwaka wa hesabu wa Apple huisha mwishoni mwa Septemba, wa Microsoft tarehe 30 Juni, wa Walmart tarehe 31 Januari, na wa Nvidia Jumapili ya mwisho ya Januari. Kinachoitwa mwaka 2025 kwenye hesabu za Nvidia kiliisha Januari 2025, maana yake karibu wote ni 2024. Ukipanga nguzo za "2025" za kampuni hizi bega kwa bega, unalinganisha vipindi vilivyopishana kwa miezi mingi, na kwa kampuni inayokua kwa kasi hiyo ni tofauti ya kutisha.

Ninachofanya ni kuchukua robo mwaka moja moja na kujumlisha nne za mwisho zilizo karibu zaidi na Desemba. Hailingani kwa asilimia mia, ila inatosha.

Mchoro wenyewe ni wa nukta: mapato kwenye mhimili wa mlalo, asilimia ya faida kwenye wima. Walmart imekaa peke yake kulia chini. Kwenye mwaka wake wa hesabu wa 2024 iliingiza takriban dola bilioni 648 na kubaki na faida ya bilioni 15.5, kama asilimia 2.4. Microsoft kwa mwaka wake wa 2024 iliingiza takriban bilioni 245, ikabaki na 88, kama asilimia 36. Hakuna jedwali litakalomwonyesha mwanakamati haraka hivyo kwamba hizi ni biashara za aina mbili tofauti, na kwamba kuziuliza "nani bora" kwa asilimia ya faida ni kumwonea muuza rejareja.

Saa kumi na moja na nusu

Bosi anapita, anatazama. "Weka bei ya hisa na faida kwenye mchoro mmoja, mhimili mmoja kushoto, mwingine kulia. Itapendeza."

Itapendeza kweli, shida ni hiyo. Ukiwa na mihimili miwili unaweza kuvuta mmoja mpaka mistari igusane popote unapotaka, na msomaji atadhani makutano yana maana. Nikamwonyesha palepale: dakika moja bei "inaongoza" faida, dakika inayofuata faida "inaongoza" bei. Akacheka, akaondoka. Tukaweka michoro miwili, mmoja juu ya mwingine, tarehe zikiwa zimenyooka.

Rangi nazo nikazibadilisha. Mwanakamati mmoja hatofautishi nyekundu na kijani, na hata anayezitofautisha huenda amezoea kinyume: kwenye skrini za masoko ya China na Japani nyekundu ni kupanda. Nikaweka bluu na chungwa, na majina ya kampuni nikayaandika kwenye ncha za mistari badala ya kisanduku cha pembeni kinachomlazimisha mtu kupeleka macho huku na huku.

Saa moja usiku

Ukurasa umekwenda. Jibu la mwenyekiti wa kamati limerudi mapema kuliko nilivyotarajia, sentensi moja: asante, sasa tununue ipi?

Nimemwomba aangalie ule mchoro wa maporomoko, kisanduku cha Nvidia, halafu aniambie mambo mawili: pesa hizo zitahitajika lini, na kamati ingefanya nini mwezi Oktoba 2022. Bado hajajibu.