Zamu ya usiku ghalani: hesabu zitangulie

Zamu ya saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ina vipande viwili visivyofanana. Mpaka kama saa nane watu wako macho na wanahesabu vizuri. Kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja mwili unadai usingizi, hata kwa aliyelala mchana kutwa, na hapo ndipo paleti (jukwaa la mbao lenye mzigo juu yake) ya mteja mmoja inapoingia kwenye lori la mwingine. Kiongozi anayepanga kazi kwa foleni ya magari peke yake anajitafutia makosa. Kuhesabu, kukagua na kulinganisha namba kuwekwe mapema. Kushusha maboksi yasiyo kwenye paleti, kuzungushia nailoni, kupanga paleti tupu na kufagia kunaweza kusubiri. Na lori la kupokelewa likichelewa likaingia saa kumi, watu wawili wahesabu, kila mmoja na karatasi yake, wasioneshane hadi wamalize.

Wasipewe pia idadi iliyo kwenye hati ya mzigo. Mtu akishajua kwamba anatakiwa kupata 600, atapata 600. Maboksi 12 kwa safu, safu 5, ni 60. Paleti 10 ni 600, na hesabu imekubali. Lakini safu ya juu ya paleti ya mwisho mara nyingi haijajaa, na zipo paleti zilizopangwa kwa kuzunguka zikaacha tundu katikati ambalo ukisimama pembeni hulioni. Ngazi iwe karibu, mtu aangalie kwa juu. Kusimama kwenye uma za foklifti, gari la kunyanyulia paleti, ni marufuku, hata kwa dakika moja.

Kontena lina mambo yake. Soma namba ya lakiri, kile kifungo cha usalama mlangoni, ikiwa bado imefungwa, ilinganishe na hati, ipige picha, ndipo uikate. Mlango wa kulia ndio unaofunguka kwanza, maana umeulalia wa kushoto. Safarini mzigo huhama ukaegemea milango, kwa hiyo funga mkanda kuvuka milango yote miwili ukiwa na ulegevu kidogo, fungua kwa upana wa kiganja, uchungulie. Anayefungua asimame nyuma ya mlango wenyewe, asikae mbele ya uwazi. Wengine wote wakae mbali.

Dereva atataka sahihi haraka. Asipewe kabla ya hesabu. Kilichoharibika kiandikwe kwenye nakala zote mbili za hati kwa idadi na hali: "maboksi 3 yamelowa, 1 limepasuka". Kuandika tu "hayajakaguliwa" naona ni kinga hafifu sana, kwa sababu hakusemi ni nini kilikuwa na kasoro. Na kwa kuwa usiku hakuna wa kumpigia simu ofisini, mzigo wenye utata uwekwe pembeni, kwenye eneo lililochorwa mstari, ukiwa na karatasi yenye namba ya hati na sababu. Ukishaingia kwenye rafu, zamu ya asubuhi itauuza kama mzigo mwingine wowote.

Kwenye upakiaji, hofu yangu kubwa ni trela kusogea. Kila foklifti inapoingia na kufunga breki ndani, inalisukuma trela mbele kidogo kidogo, hadi daraja la chuma linalounganisha sakafu ya ghala na trela linabaki limeshika ukingo kwa vidole viwili. Paleti ya 20 ndiyo inayoanguka, wakati ya kwanza ilipita salama. Weka kabari kwenye magurudumu, breki ya trela ifungwe, na funguo za lori zikae mezani kwa kiongozi mpaka mlango ufungwe. Tazama daraja upya katikati ya kazi.

Trela la mita 13.6 huchukua paleti 26 za sentimita 120 kwa 100. Wateja wakiwa watatu, wa kwanza kushushiwa anapakiwa mwisho; orodha ikiwa imechapwa kwa mfuatano wa safari, isomwe kuanzia chini. Zipange paleti sakafuni kwanza, mteja mmoja mstari mmoja, mtu mwingine azisome lebo, ndipo foklifti iguse. Nailoni izungushwe ikishika na mbao za paleti, la sivyo maboksi yatateleza yakiwa yamefungana vizuri kabisa.

Betri za asidi za foklifti huhitaji kama saa 8 za chaji na nyingine 8 za kupoa. Ulizia wakati wa kukabidhiana zamu, usisubiri zizime saa tisa. Maji huongezwa baada ya chaji. Yakijazwa kabla, yatapanda na kumwaga asidi.

Kwenye daftari la asubuhi andika mlango upi una gari lililopakiwa nusu, paleti ngapi zimeingia na iliyosubiri ni ya nani, mzigo upi uko pembeni na kwa nini, foklifti ipi iko kwenye chaji na ilianza saa ngapi. Kisha mpitishe mpokeaji milangoni, mlango kwa mlango, akiwa na daftari mkononi.