Shaba ilipogoma kuhamia kwenye mafuta

Nafanya kazi kwenye kiwanda cha shaba hapa Kolwezi, Kongo, upande wa matangi ambako maji ya asidi yaliyobeba shaba hukorogwa pamoja na mafuta. Mafuta hayo ni kerosini iliyotiwa oksimu, kemikali inayoikamata shaba na kuacha chuma kwa sehemu kubwa kibaki majini.

Msimu wa baridi, Juni kuelekea Julai, maji yakawa yanatoka hatua ya kwanza yakiwa bado ya buluu kuliko kawaida, yaani shaba nyingi ilibaki majini. Kijana mmoja wa zamu akaniambia, "Papa, tuongeze mwendo wa kikorogeo." Nilikataa. Ni kweli matone yakiwa madogo zaidi, shaba hupata eneo kubwa la kuvukia. Lakini matone madogo mno hayawahi kutengana kwenye tangi la kutulizia. Maji hubebwa na mafuta na kupeleka chuma na manganizi hadi kwenye matangi ya umeme, ambako shaba hutolewa kwa umeme, na mafuta, ambayo ni ghali sana, hupotea na maji.

Nikachota sampuli kwenye tangi la kukorogea. Sehemu moja niliitenganisha palepale, nyingine nikaitikisa kwenye chupa mpaka shaba ikaacha kuhama. Kipimo hiki nakiamini kuliko kingine chochote. Maabara ilikuta tofauti kubwa: iliyotikiswa ilichukua shaba vizuri, kwa hiyo kemikali ilikuwa nzima. Kilichopungua ni kukutana kwa mafuta na maji.

Sampuli nyingine nikaiacha itulie kwenye silinda ya kupimia. Mafuta hayakufika hata nusu ya mchanganyiko. Valvu inayorudisha mafuta kutoka tangi la kutulizia hadi la kukorogea ilikuwa imeachwa kwenye alama ya msimu wa joto; baridi ilipoyafanya mafuta kuwa mazito, yakawa yanapita kidogo. Kipimo cha umeme nacho kilirukaruka: mara maji ndiyo yamezunguka matone ya mafuta, umeme unapita, mara mafuta yamezunguka matone ya maji, haupiti.

Tukafungua valvu mpaka mafuta yakazidi nusu kidogo, tukasimamisha maji, tukajaza mafuta kwanza, kisha maji yakaingia taratibu huku kikorogeo kikizunguka. Umeme ukashuka na kubaki chini. Nilitaka mafuta ndiyo yazunguke matone, kwa sababu maji yetu yana silika, madini ya mchanga, na hali hiyo hupunguza tope linaloziba katikati ya tabaka mbili.

Nilipolinganisha tena sampuli mbili, tofauti ilikuwa ndogo. Mwendo wa kikorogeo haukuguswa. Sasa kila zamu inasoma silinda, na mafuta yakishuka chini ya nusu, valvu ndiyo inayoangaliwa kwanza.