Namna ninavyofufua pinde za mtumba hapa Entebbe

Pinde nyingi ninazotengeneza hunifikia zikiwa ndani ya gunia: mipini, mabawa (ile mikono miwili inayokunjika) na nyuzi vimesokotana pamoja. Wanaozileta ni walimu wa michezo waliopewa msaada kutoka nje, au watu walionunua vitu vya mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Salamu yao ni moja: "Mzee, hizi zimekufa, hazipigi sawa." Nikizipima, nyingi ni nzima. Kilichoharibika ni upote, yaani kamba ya upinde, au upote uliofungwa si wake. Duka la vifaa hivi hulikuti kila mtaa, na ukiagiza upote usio saizi yake umepoteza pesa na wiki kadhaa za kusubiri. Ndiyo maana ninapima kila kitu kabla ya kununua chochote.

Kwanza ninatenganisha aina. Upinde wenye kapi nchani na kebo zinazopishana ni kompaundi, nao ninauweka kando. Upote na kebo zake hazifunguliwi bila presi maalumu ya upinde, kwa sababu mabawa yake yamebanwa muda wote hata kama hakuna anayevuta. Asiye na presi aishie kukagua nyuzi na kupaka nta tu. Zinazobaki huwa ni rikavu au pinde ndefu. Ukishaufunga upote, tazama ncha: kwenye rikavu upote unalala juu ya bawa kwa inchi kadhaa kabla ya kuingia mfuoni, yaani kwenye mkato wa nchani, kwenye upinde mrefu unagusa pale mfuoni tu.

Halafu mkono. Shika upinde wima, upote ukikuelekea. Kikalio cha mshale, pale mshale unapolala, kikiwa kushoto kwa mpini, upinde huo ni wa mtu anayevuta kwa mkono wa kulia. Shule nyingi huwapa watoto wa mkono wa kushoto upinde wowote uliobaki, na mtoto anaishia kuushika kinyume, mshale ukianguka kila anapovuta.

Maandishi ya muhimu yako upande wa ndani wa bawa la chini, ule unaotazama upote. Ukikuta 66" 28# 28", soma hivi: urefu wa upinde ni inchi 66, nguvu yake ni ratili 28, na nguvu hiyo imepimwa upote ukiwa umevutwa hadi inchi 28. Namba ya mwisho ndiyo watu wanairuka. Kwenye pinde za wanaoanza, kila inchi unayopunguza katika mvuto inaondoa ratili 2 hivi, kwa hiyo msichana anayevuta inchi 25 anabeba ratili 22 kwa upinde uleule. Mabawa ya mfumo wa ILF, yale yanayochomekwa bila kufungwa kwa parafujo ya mkono, mara nyingi yana mistari miwili, kwa mfano inchi 68 na ratili 28 kwa mpini wa inchi 25, kisha inchi 66 na ratili 30 kwa mpini wa inchi 23. Bawa ni lilelile. Mpini mfupi unaliongezea ratili 2 hivi.

Maandishi yakiwa yamefutika, ninatumia mizani ya kuning'iniza, kama ile ya wauza samaki mwaloni. Ndoano inashika upote mahali mshale unapokaa, mwenzangu anashika mpini, nami ninavuta mizani taratibu hadi alama ya inchi 28 niliyochora kwenye mshale mrefu ifike mbele ya mpini. Mizani ikisoma kilo 12.7, zidisha kwa 2.2, unapata ratili 28. Kisha upote unarudishwa polepole vilevile. Kuuachia bila mshale ni kuua upinde: nguvu iliyopaswa kwenda na mshale inarudi yote kwenye mabawa, na mabawa yanapasuka.

Urefu ninaupima kwa futi ya chuma ya mafundi ujenzi, upinde ukiwa umefunguliwa, kutoka mfuo hadi mfuo nikifuata mkunjo wa bawa. Tepu ya fundi cherehani haifai hapa. Nyingi zinaishia inchi 60, na kitambaa kinavutika.

Kukagua mabawa ni kazi ya kutulia. Ninachukua kipande cha pamba na kukipitisha polepole kwenye kingo zote. Pamba inanasa mbegu ya ufa ambayo jicho halijaiona. Halafu ninalishika bawa juani kwa mshazari. Mikwaruzo myembamba ndani ya vanishi peke yake si hatari. Ufa unaokata bawa kwa upana, au tabaka zilizoanza kuachana ukingoni, ndio mwisho wa bawa hilo, na hakuna gundi ya dukani itakayolirudisha. Bawa kama hilo ninalikata kwa msumeno siku hiyohiyo, maana likiachwa kona ya stoo kuna mtu ataliokota na kulifunga tena. Sababu kubwa ya tabaka kuachana huku kwetu ni joto: pinde zilizolazwa kwenye buti la gari mchana, au zilizotundikwa juu kabisa karibu na mabati.

Hakikisha pia mabawa mawili ni ndugu. Kwenye gunia lililochanganywa utakuta bawa la juu la ratili 24 limeoana na la chini la ratili 30, na hapo hakuna marekebisho yatakayosaidia. Namba za kiwandani zikifanana, vizuri. Zisipokuwepo, funga na upime tila, ambayo ni umbali kutoka mahali bawa linapoungana na mpini mpaka kwenye upote, juu na chini. Kwa anayeshika upote kwa kidole kimoja juu ya mshale na viwili chini, ule wa juu unatakiwa uzidi kwa milimita 3 hadi 6. Kwa anayeweka vidole vyote vitatu chini ya mshale, ilingane au ikaribie kulingana. Tofauti ikizidi milimita 12, ninashuku mabawa hayakuzaliwa pamoja.

Bawa lililojipinda linaonekana ukiegemeza upinde kwenye kiti na kusimama nyuma yake: upote ugawe mpini na mabawa yote katikati. Ukikaa pembeni kwenye ncha moja, usilaumu bawa kwanza. Fungua parafujo, futa mchanga na vumbi kwenye tundu lake, rudisha, tazama tena. Kasoro nyingi za namna hii huishia hapo. Bawa lililopinda kweli kwa kawaida limeharibiwa na mtindo wa kufunga upote kwa kupitisha mguu ndani ya upinde na kuukunja kwa paja. Tumia kamba ya kufungia yenye mifuko miwili ya ngozi: mfuko mmoja kila ncha, mguu unakanyaga kamba, mkono unainua mpini, mabawa yanakunjika sawasawa. Fundi viatu yeyote anakushonea mifuko hiyo ukimwonyesha ncha za upinde. Kitanzi kikubwa cha upote kinakaa bawa la juu, kidogo la chini.

Sasa upote wenyewe. Urefu wake halisi ni urefu wa upinde ukitoa inchi 3 hadi 4. Kwa rikavu ya inchi 66 ninaanza na 62 na nusu. Malighafi inategemea ncha za mabawa. Pinde za zamani, na zile za mbao za bei nafuu ambazo ncha zake hazikuimarishwa, zipewe Dakroni, uzi wa polista ambao unanyumbulika kidogo na kupunguza mshtuko. Nyuzi za kisasa zisizonyumbuka zinarusha mshale kwa kasi zaidi, lakini zinaweza kupasua ncha za aina hiyo. Idadi ya nyuzi za Dakroni kwa ratili 25 hadi 35 ni 10. Kwa 35 hadi 45 ni 12. Ukizidisha, upote unakuwa mzito na noki ya mshale, ule mkato wa nyuma unaobana upote, haiingii.

Kuna wanaofunga nailoni ya nyavu kwa sababu inapatikana kila mwalo wa Ziwa Viktoria. Nailoni inavutika kila unapopiga, umbali wa upote kutoka kwenye mpini unabadilika, na mshale wa kumi hauendi ulikoenda wa kwanza. Mwalimu anaona mtoto hajui kulenga, kumbe upote ndio umelegea.

Ninautengeneza mwenyewe kwa ubao na bolti mbili zilizosimama. Ninazungusha uzi mara tano kati ya bolti, ninapata nyuzi 10, ninafunga mwanzo na mwisho pamoja, kisha ninazungushia uzi mgumu kwa kubana mahali pa vitanzi na katikati panaposhikwa na vidole. Sehemu ya katikati iwe na urefu wa inchi 7 hivi na ishuke ya kutosha chini ya mshale, la sivyo nyuzi zinasagika kwenye kinga ya mkono. Nta ya nyuki inafaa sana kwa Dakroni. Paka nyuzi zilizo wazi tu, usiguse zilizozungushiwa uzi mgumu, halafu sugua kwa kipande cha ngozi mpaka upate joto na nta izame. Upote ukianza kutoa manyoya, upake. Uzi mmoja ukikatika, upote huo utupwe.

Baada ya kufunga ninapima umbali wa upote, kutoka sehemu ya ndani kabisa ya mpini pale mkono unaposhika. Viwango vya kuanzia kwa rikavu ni hivi: upinde wa inchi 64, umbali inchi 8 na robo, wa 66, inchi 8 na nusu, wa 68, inchi 8 na robo tatu. Kuongeza umbali unausokota upote zaidi, kupunguza unausokotoa. Mizunguko 20 hadi 30 kwa upote wa upinde wa inchi 66 ni ya kawaida. Ukihitaji 50 kufikia kipimo, upote ni mrefu mno, utengeneze mwingine. Umbali ukiwa mdogo upote unachapa mkono wa mbele na upinde unapiga kelele. Ukizidi, mshale unapoteza kasi na mabawa yanabebeshwa mzigo wa bure. Ninasogeza kwa mizunguko mitatu mitatu huku nikisikiliza, na pale upinde unapotulia ninaandika kipimo. Upote mpya wa Dakroni lazima upigishwe mishale hamsini hivi kwanza, kisha upimwe upya, kwa sababu utakuwa umerefuka.

Alama ya noki, inayoonyesha mahali pa kuchomeka mshale kwenye upote, ninaifunga kwa uzi wa kushonea, milimita 10 juu ya mstari ulionyooka kutoka kwenye kikalio. Uzi ni bora kuliko pete ya shaba kwa sababu unazungushwa juu au chini bila kuumiza upote.

Kuhakikisha, ninapiga mishale mitatu yenye manyoya na miwili isiyo nayo, mita 18, kwenye shabaha ya magunia yaliyoshindiliwa vitambaa vikuukuu. Isiyo na manyoya ikitua juu ya mingine, alama ya noki iko chini mno, ipandishe. Ikitua chini, ishushe. Rekebisha hilo kwanza. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia, ikitua kushoto mshale ni mgumu kuliko upinde. Ikitua kulia ni laini mno. Namba ya ugumu ikiwa kubwa mshale ni laini: 1000 maana yake unanepa inchi nzima ukining'inizwa gramu 880 katikati ya egemeo zilizoachana inchi 28, na 500 unanepa nusu inchi. Kwa ratili 28, mishale ya 800 hadi 1000 ndiyo ninayoanza nayo. Kwa anayejifunza, mishale iache izidi mvuto wake kwa inchi 2, isije ikaingia nyuma ya kikalio na kumtoboa mkono. Mshale wa kaboni ukunje kidogo karibu na sikio kabla ya kila zoezi. Ukisikia mlio wa kukatika, uvunje vipande viwili.

Kuhifadhi hapa ziwani kunadai uangalifu. Ninafungua upote kila baada ya zoezi. Pinde za mti mmoja, za aina waliyotumia Walugbara wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, zinadai hilo hata zaidi, kwani zikiachwa zimefungwa zinabaki na mkunjo. Mabawa ninayafuta unyevu na kuyalaza juu ya vigingi viwili ukutani, mbali na sakafu kwa ajili ya mchwa. Parafujo zinapata tone la mafuta ya cherehani.

Kila upinde unaotoka kwangu una utepe wa karatasi ndani ya bawa la chini, umefunikwa selotepu. Wa inchi 66 unaandikwa hivi: mkono wa kulia, ratili 28 kwa inchi 28, upote Dakroni nyuzi 10, umbali inchi 8 na nusu, tila milimita 4 juu, noki milimita 10, mishale ya ugumu 900.