Siku moja maishani mwangu: logi zilipokosa pa kuandikwa

Saa 12:50 asubuhi. Niliamka nikakuta arifa 61 kwenye simu, zote za aina moja: kazi za usuli katika mfumo wetu wa usimamizi wa biashara zimekatishwa na logi zake, yaani kumbukumbu za kila hatua ya kazi, hazisomeki. Ya kwanza ilitumwa saa 8:14 usiku. Kazi hizo ndizo zinazotoa ankara, kusawazisha hesabu za ghala na kuandaa mishahara watumiaji wakiwa wamelala, nami nikiwa msimamizi wa mfumo ndiye ninayeulizwa kwanza.

Saa 1:30. Katika orodha ya kazi, majina na saa za kuanza vilionekana sawasawa, lakini kila nilipofungua logi niliambiwa kwamba haipo. Katika mfumo wetu taarifa za kazi hukaa kwenye jedwali la hifadhidata, ilhali maandishi ya logi yenyewe huandikwa kwenye faili, ndani ya saraka (folda) moja inayotumiwa na seva zote. Nilianza kwenye saraka hiyo.

Saa 2:10. Seva ilikuwa imerekodi kosa namba 28, ambalo katika Linux huashiria kwamba nafasi imekwisha. Amri ya df -h, inayopima nafasi ya diski, ilionyesha kwamba diski imejaa asilimia 27 tu. Mwenzangu wa zamu ya usiku alikwama hapo, wala simlaumu, kwa sababu nambari hiyo humtuliza mtu wakati hasa anapopaswa kuhofu. Nikatoa amri ya df -i, inayohesabu inodi zilizotumika badala ya nafasi: asilimia 100.

Kila faili huhitaji inodi moja, yaani rekodi inayotunza ukubwa wake, mmiliki wake na mahali lilipo. Mfumo wa faili wa ext4, unaopanga faili kwenye diski yetu, usipoelekezwa vinginevyo, hutenga inodi moja kwa kila baiti 16,384 wakati wa kuundwa, kwa hiyo diski yetu ya gigabaiti 50 ilikuwa na inodi 3,276,800. Logi fupi hukaa kwenye bloku moja, yaani kipande kimoja cha diski, ya baiti 4,096. Ukiijaza diski kwa logi za namna hiyo, inodi zitakwisha ikiwa robo tu ya nafasi imetumika.

Saa 3:00. Tuna kazi 12 zinazoendeshwa kila dakika, na hizo peke yake huzalisha faili 17,280 kwa siku. Kazi ya usafishaji ilipaswa kufuta logi zenye umri unaozidi siku 14. Nilipoitafuta, nikaona kwamba ilikuwa ikikatishwa kila usiku kwa muda wa siku 175, tangu ilipofungwa akaunti ya mfanyakazi aliyeipanga kwa jina lake kabla ya kuondoka. Haikuwa na arifa kwa kuwa haihusu fedha moja kwa moja, na uamuzi huo naukataa kabisa: ankara zisizo na logi haziwezi kuthibitishwa, hivyo anayezitunza logi anatunza hesabu.

Saa 4:20. Programu ya usafishaji nayo haikuweza kuanza, maana kwanza huunda faili la logi yake. Nilihamishia faili za siku moja ya zamani kwenye diski nyingine, kisha nikaiendesha kwa mafungu, nikianzia logi zenye umri unaozidi siku 170. Kufuta faili moja kwa moja kwenye seva kungekuwa haraka zaidi, lakini kungeacha mamilioni ya safu za jedwali zinazoelekeza kwenye faili zisizokuwepo.

Saa 5:00. Mhasibu mkuu aliniomba nianzishe upya kazi zote. Nilimwomba radhi, nikakataa. Kazi iliyoshindwa kufungua logi hukatishwa kabla ya hatua yake ya kwanza, na hiyo haina hatari kurudiwa. Kazi iliyokuwa imefungua logi yake kabla ya saa 8:14 iliendelea, kwa sababu faili lake lilikuwa na inodi tayari na diski ilikuwa na nafasi, mpaka ilipohitaji kuunda faili jingine. Kazi moja ya ankara ilikuwa hivyo: hatua ya kwanza iliziingiza ankara kwenye leja, ya pili ikashindwa kuandika ripoti ya kuchapishwa. Kuianzisha upya tangu mwanzo kungewatoza wateja mara mbili.

Tulikaa pamoja hadi saa 8:30 mchana, tukilinganisha nambari za ankara na maagizo, moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa zimeingizwa, kwa hiyo tukaendesha hatua ya pili pekee.

Saa 10:15. Kazi 60 zilizosalia zilikamilika. Nikaendesha ukaguzi wa ulinganifu kati ya jedwali na saraka, ukaondoa safu za faili nilizokuwa nimezihamisha.

Saa 11:40 jioni. Kazi ya usafishaji sasa iko chini ya akaunti ya mfumo, na arifa hutumwa inodi zinapofikia asilimia 70. Nilitoa tena amri ya df -i. Asilimia 8.