Mguu wa Kushoto

Nyumba yote imelala, nami nimeketi jikoni nikiwaza maneno mawili niliyoambiwa jana pale Salgaa, kituo cha malori kabla ya kufika Nakuru. Ilifaa niandike habari ya mtoto wetu wa tatu, aliyezaliwa Jumanne nikiwa kwenye foleni ya malori ya Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, mvulana, ambaye yeye na mama yake ni wazima na wamekwisharudi nyumbani. Lakini kila ninapoanza kuandika habari hiyo, mawazo yanarudi kwenye ile meza ya chai.

Nilikuwa nateremka na kontena la kahawa ya Uganda inayokwenda Mombasa. Mzee alikuwa anapanda kuelekea Kampala. Mnaonifuata tangu siku zangu za utanboi, yaani usaidizi wa dereva wa lori, mnamfahamu Mzee: ndiye aliyenitoa kwenye kazi ya kufunga turubai na kuweka mawe chini ya magurudumu, akanikalisha kwenye usukani, na kwa miaka minne akanifundisha kila nilichonacho. Tulikuwa hatujaonana tangu tajiri, mwenye malori, anikabidhi hili lori jipya, yaani jipya kwetu, kwa maana lilikwishatumika Uingereza kabla ya kuletwa huku. Nilimsalimu, naye akaitikia huku macho yake yakiwa kwenye lori langu.

"Hilo ndilo la otomatiki?"

"Ndilo, Mzee."

"Kutoka Malaba mpaka hapa umebadilisha gia mara ngapi?"

"Sijui, Mzee. Linabadilisha lenyewe."

"Basi hukuendesha. Ulibebwa."

Tanboi wake alicheka. Mama wa chai naye alicheka. Mimi nilikoroga chai ambayo ilikuwa imekwishakorogwa.

Kutoka Salgaa hadi hapa Nakuru si mwendo mrefu, lakini nilitunga majibu ya kutosha safari ya Mombasa. Ningemwambia kwamba ndani ya giaboksi yangu mna meno ya gia na klachi kama zilivyo katika lori lake, na kwamba tofauti ni kuwa kompyuta ndiyo inayoamua na hewa ya tangi ndiyo inayosukuma, kazi ambayo yeye anaifanya kwa mkono na mguu. Ningemwambia kwamba hili si jambo la jana, maana Volvo walitoa I-Shift yao yenye gia 12 mwaka 2001, wakati mimi nikiwa bado shule ya msingi. Zaidi ya yote ningemwambia habari ya Mau Summit, unapoanza mteremko mrefu wa kuja Salgaa, kwa sababu hapo ndipo neno "ulibebwa" linaponiuma kuliko mahali pengine popote.

Timboroa, ninakopita kabla ya Mau Summit, iko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na Nakuru iko kwenye mita 1,850 hivi. Tofauti hiyo yote ninaishuka nikiwa na zaidi ya tani 40, lori na mzigo pamoja, na kompyuta ya lori langu haioni mteremko ulio mbele. Inajua tu yale inayoyahisi wakati huo, kama uzito na kasi. Ukiiachia, itapandisha gia mahali ambapo dereva mwenye akili anashusha, na kwenye mteremko mdogo inaweza hata kuliachia lori liende frii, bila gia, ili kuokoa dizeli, jambo lile lile ambalo madereva wa barabara hii wamelaumiwa kwa miaka mingi. Kwa hiyo nikifika Mau Summit, kabla pua ya lori haijainama, ninaiondoa otomatiki, ninaweka manyuo, yaani gia za kuchagua mwenyewe, ninachagua gia ya chini, ninawasha breki ya eksozi, na mguu wangu wa kulia unagusa breki kwa vipindi vifupi ili zisipate moto. Gia uliyopandia ndiyo ya kushukia: ni nani aliyenifundisha hivyo, kama si yeye? Yeye ndiye aliyekuwa akizima redio kila tulipokaribia Sachang'wan, mahali ambapo tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilianguka na moto ukaua zaidi ya watu 100 waliokuwa wamekimbilia kuchota, na mpaka leo nami huizima. Jana niliizima pia. Sikubebwa pale. Niliendesha kila mita ya ule mteremko.

Nakiri kwamba manyuo ina mahali pake. Kwenye barabara za udongo za kuingia kwenye miwa, mvua ikinyesha, dereva mwenye klachi chini ya mguu anaweza kulitikisa lori mbele na nyuma mpaka likatoka matopeni, ilhali langu mimi linawaza kwanza. Kupanda Sachang'wan ukiwa na mzigo, lori langu hubadilisha gia katikati ya mlima wakati usiofaa kabisa, na katika sekunde hiyo moja ninahisi tani zote zikinivuta kurudi Salgaa. Mzee hapotezi sekunde hiyo. Mkono wake huigeuza swichi ya hafu, ile ya kupata nusu gia, kabla injini haijaanza kulalamika; nilikaa miaka minne kando yake nikiutazama mkono huo, na vifundo vyake vilikuwa vikisogea kabla ya sauti kubadilika.

Hiyo ndiyo hasira niliyoanza nayo kuandika saa moja iliyopita, nikidhani kisa kimeishia kwenye kicheko cha tanboi. Hakikuishia hapo. Tulipomaliza chai Mzee alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, akasubiri kidogo, kisha akainuka kwa kuegemea mguu wa kulia peke yake. Akanisindikiza mpaka kwenye lori langu, polepole, nikafungua mlango, akachungulia ndani kwenye pedali, ambako ya klachi haipo, kwa muda mrefu. Tanboi hakuwa karibu. Akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Sasa mguu wa kushoto unauweka wapi?"

Nami, kwa kuwa bado nilikuwa nimenuna, nilimjibu, "Unakaa tu hapo, Mzee."

Unakaa tu hapo! Mtu aliyekanyaga klachi kwenye foleni ya Malaba tangu kabla sijazaliwa, sogea hatua kumi, simama, kanyaga, sogea tena, usiku kucha, ananiuliza mguu unapumzikia wapi, nami ninamjibu kama anayemfukuza mtoto. Goti langu mwenyewe lilikuwa limeanza kugonga mwaka jana, nikaandika hapa, na tangu nipewe hili lori limenyamaza. Hilo ndilo nililopaswa kumwambia. Nilipaswa kumwambia apande, akae, aunyooshe ule mguu, na nimwonyeshe jinsi manyuo inavyowekwa kabla ya kushuka. Nimempigia simu mara mbili jioni hii na haipatikani. Huenda amekwishavuka mpaka na kubadilisha laini.

Kesho naondoka saa kumi alfajiri, na kuna jambo jingine. Tangu jana nasikia hewa ikivuja chini ya kebini ya dereva, kwa sauti ndogo sana. Leo jioni nilipaka povu la sabuni kwenye maungio ya paipu moja baada ya nyingine, nikimulika kwa tochi ya simu, na kwenye ungio la tatu povu likavimba, likapasuka, likavimba tena. Mshale wa tangi la pili la hewa umeshuka kidogo tangu magharibi. Lori la Mzee likikosa hewa ya kutosha bado litaingia gia. Langu halitaingia hata moja. Fundi amesema atafungua gereji Jumatatu, na tajiri anataka kontena liwe Mombasa Jumatatu.