Tulienda Mutukula kumsalia babu

Babu yangu mzaa baba alikuwa mkulima wa kahawa kule Umatengoni, Mbinga, na vita alipigana moja tu maishani mwake, ya Kagera, ile ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, 1978 mpaka 1979. Alifariki 2022. Mwaka uliofuata bibi akatuita mimi na baba mdogo akasema yeye hataki tisheti zenye picha ya marehemu wala turubai na muziki, anachotaka ni mtu aende Mutukula tarehe za Marehemu Wote akasali rozari moja, basi. Kwanini Mutukula na sio Kaboya walikozikwa wenzake ntaeleza huko mbele.

Sasa Mbinga iko kusini kabisa huku, juu ya Ziwa Nyasa, na Mutukula iko mpakani na Uganda, yaani ukitaka kuichoka Tanzania yote kwa mkupuo hiyo ndo safari yake. Baba mdogo alitokea Songea mi nikatokea Dar tukakutana Mwanza, tukalala, asubuhi tukapanda basi la Bukoba. Kigongo tulivuka kwa pantoni, wakati ule daraja lilikuwa bado linajengwa, nguzo zimesimama majini na abiria wote wamezikodolea macho. Baba mdogo yeye alikuwa anahesabu rozari mfukoni, karithi hiyo. Babu alikuwa nayo ya mbao, shanga zimelainika kwa vidole, na kila siku baada ya ugali wa usiku inasaliwa nyumba nzima, wageni wamo, na mtoto akisinzia anafinywa sikio taratibu bila sala kukatika. Mi nimefinywa sana.

Geita, Chato, Biharamulo, njia ndefu na jua kali hakuna cha kusimulia, ila ukishaingia Muleba migomba inaanza na hewa inabadilika. Tukashuka Kaboya. Pale ndo makaburi ya mashujaa wa vita, wamelazwa zaidi ya 600, na pako chini ya jeshi kwahiyo huingii kama unaingia sokoni, ruhusa tulishaomba mapema. Tulikaa kidogo tu. Baba mdogo alisema raha ya milele uwape ee Bwana, nikaitikia, tukatoka. Alikuwa na haraka, na nilimwelewa, maana babu mwenyewe alikuwa anasema wa Kaboya wana serikali inayowakumbuka kila tarehe 25 Julai na maua wanawekewa, kwahiyo sala zake alizipeleka kwingine.

Yeye hakuwa askari wa kuajiriwa, alikuwa mgambo. Tarehe 2 Novemba 1978 alitoka misa ya Marehemu Wote akakuta watu wamejaa kwa jirani mwenye redio, Nyerere anaongea, ile hotuba ya uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Bibi anasema alirudi nyumbani akanoa jembe kama vile hakuna kitu, siku si nyingi akaandikishwa. Akamwacha bibi na ujauzito, na huo ujauzito ndo baba mdogo mwenyewe, amezaliwa Februari 1979 baba yake yuko njiani kwenda Masaka, huko Uganda. Huwa tunamtania kwamba Idi Amin ndo alimchelewesha kubatizwa, maana bibi aligoma kumpeleka kanisani mpaka mzee arudi.

Bukoba tulilala. Asubuhi ilikuwa tarehe 1, Watakatifu Wote, tukasali misa ya kwanza pale Kanisa Kuu alipozikwa Kardinali Rugambwa, halafu tukachukua hais ya Mutukula. Stendi baba mdogo alinunua kahawa ya kutafuna, ile Wahaya wanachemsha na majani ikiwa na ganda lake halafu wanaikausha. Babu alirudi na mfuko wa hizo kutoka vitani na bibi akazisaga akapika kama kahawa ya kawaida, ikawa chungu ajabu, mzee akacheka mpaka akakaa chini. Mkulima wa kahawa katoka vitani na kahawa!

Kyaka dereva alitusubiri kidogo. Daraja la mto Kagera unaliona hapo, la zamani wanajeshi wa Amin walililipua mwanzoni mwa Novemba 1978, walileta mpaka mtaalam kutoka mgodi wa Kilembe kwa kazi hiyo, na magofu ya kanisa lililopigwa wakati ule bado yapo. Babu alisimulia sana kuhusu Kyaka. Alisimulia matope, viatu, mvua, njaa, jinsi walivyotembea kwa miguu mpaka mtu analala huku anatembea, na Saba Saba, ile mizinga ya roketi ambayo Waganda wenyewe waliipa hilo jina. Ukimuuliza Kampala anasema sikufika, malaria ilinilaza Masaka, Kampala imeanguka tarehe 11 Aprili mi niko kwenye mkeka. Wazee wenzake walimcheka kwa hilo na yeye wala, anacheka nao.

Kitu kimoja tu hakukisimulia, Mutukula. Jeshi letu liliuchukua ule mji, upande wa Uganda, Januari 1979 na baada ya hapo ukasawazishwa, nyumba zikalazwa chini, na raia waliokuwa wamebaki, wazee hasa, wengine waliuawa. Ilikuwa kisasi cha yale wanajeshi wa Amin waliyoyafanya Kagera. Nyerere alipopata habari alichukizwa, ikatoka amri raia wasiguswe. Haya nimeyasoma mi mwenyewe ukubwani, nyumbani hayakutajwa. Babu alifanya nini siku zile, au aliona nini, sijui na bibi hajui. Anachojua bibi ni kwamba mzee aliporudi, vigelegele vimeshaanza barabarani, alipita nje ya nyumba yake na begi mgongoni akaenda moja kwa moja parokiani kuungama, akakaa huko mpaka ubwabwa ukapoa. "Alianza kwa padri ndo akaja kwangu," bibi anasema mpaka leo, na hajasamehe vizuri. Tangu siku hiyo tendo la tano la rozari, yaani fungu la mwisho, kila usiku, lilikuwa "kwa ajili ya wale wa Mutukula". Tulivyokuwa wadogo tulidhani ni ukoo wetu.

Mutukula yenyewe sasa ni malori. Foleni ya malori, vijana wa kubadilisha hela wanakuvuta shati, chapati, bodaboda, mama mmoja anauza senene wa kukaanga upande huu na mteja wake Mganda anamlipa kwa shilingi za kwao. Hakuna kaburi, hakuna jiwe, hatukujua tusimame wapi. Baba mdogo akachagua pembeni ya duka la spea upande wa kwetu, akatoa rozari, tukasali matendo yote matano na kelele zote zile, mwenye duka akazima redio bila kuambiwa, akatuletea viti.

Jioni tukarudi Bukoba kuandikisha nia ya misa ya kesho yake. Dada wa ofisini akaandika jina la babu, akauliza kuna marehemu mwingine? Baba mdogo akasema wapo, wa Mutukula.

"Majina yao?"

"Hatuna majina, dada. Andika hivyo hivyo."

Akamwangalia kidogo, akaandika, akadai sadaka ya nia mbili. Tukalipa.