Menyu moja, kurasa 43: nilivyoacha kunakili na kubandika

Ami alinipigia saa tatu usiku. "Mwanangu, watu wampigia yule kijana wa tuktuk wakimuuliza bei ya leso. Naye keshaanza kuwatajia."

Kosa lilikuwa langu. Duka la ami liko Biashara Street, Mombasa, na tovuti yake niliitengeneza mimi, bure, kwa kiburi cha mtu aliyemaliza kozi juzi. Kurasa 43, na kila moja ina menyu yake na namba yake ya simu, zote nimenakili na kubandika. Ami alipochukua laini mpya, ile ya zamani alimwachia kijana wa tuktuk anayembebea mizigo. Mimi nikatumia "tafuta na ubadilishe" kwenye folda nzima, nikaenda kulala. Kumbe kwenye kurasa kama kumi na mbili namba ile nilikuwa nimeiandika na nafasi katikati, kwa hiyo haikubadilika.

Ushauri ukamiminika. Binamu yangu wa Nairobi: andika yote upya kwa React, zana ya JavaScript ya kujengea tovuti. Duka la leso! Mwingine: weka menyu ndani ya iframe, yaani kisanduku kinachoonyesha ukurasa mwingine ndani ya ukurasa. Hiyo nilijaribu, nakiri. Ukibonyeza "Leso za harusi", ukurasa mzima wafungukia ndani ya kile kisanduku cha menyu, kama mtu anayelala kwenye droo.

Dawa ilikuwa humo humo kwenye PHP, lugha ya programu inayofanya kazi kwenye seva. Unaandika kipande mara moja, seva inakiingiza mahali pake kabla ukurasa haujaondoka, na kivinjari hakijui kwamba palishonwa. Nikagawa faili kama leso yenyewe: leso ina pindo, ina mji, ina jina. Basi pindo_juu.php ni kichwa na menyu, pindo_chini.php ni anwani na simu, na mji ni kile kinachobadilika kati ya ukurasa na ukurasa. Kadi ya kila leso, yaani picha, jina na bei, ikawa kadi.php. Nilipomweleza ami hakuuliza swali hata moja. Binamu aliuliza sita.

Nikapakia yote. Menyu haipo. Kosa halionyeshwi, ukurasa umekaa kimya tu bila kichwa. Kwenye laptopu yangu ya Windows faili niliipa jina Pindo_juu.php, herufi kubwa, na Windows haijali. Seva ni Linux, nayo yajali sana. Na include, amri ya PHP ya kuingiza kipande, ikikosa faili hutoa onyo tu kisha yaendelea na safari. Kwenye seva maonyo yalikuwa yamezimwa. Tangu siku ile natumia require, amri ya kazi ile ile ila faili ikikosekana inasimamisha kila kitu. Afadhali ukurasa ufe ukipiga kelele. Na njia ya faili ianze na __DIR__, yaani folda ya faili yenyewe, la sivyo ukurasa ulio ndani ya folda nyingine utatafuta vipande pasipokuwa.

Sasa hii ndiyo niliyotaka kuisimulia. Siku mbili baadaye mteja mmoja akamtumia ami picha ya skrini. Chini kabisa ya ukurasa, palipotakiwa jina la duka, pameandikwa: "Asante kwa kununua kwa Hasidi Hana Sababu."

Nilicheka, kisha nikatoka jasho. Nikafungua ukurasa mwingine: "Asante kwa kununua kwa Wema Hauozi." Kila ukurasa na mwenye duka wake! Nilisaka kwenye pindo la chini hadi adhana ya alfajiri, na pindo halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye kadi. Kipande kinachoingizwa hivi hakina chumba chake. Kinaishi sebuleni na wengine na kinatumia vyombo vile vile. Juu ya ukurasa niliweka kigeu $jina, yaani chombo cha kuhifadhia neno, kuwa jina la duka. Kadi nayo inatumia $jina kwa jina la leso. Leso ya mwisho kwenye orodha ikaondoka na duka la ami.

Ningeweza kubadilisha jina la kigeu nikamaliza, na ndivyo binamu alivyonishauri. Lakini vipande vikifika ishirini utakumbuka nani ametumia jina gani? Nikakijengea kila kipande chumba:

function kipande($faili, $data = []) {
    extract($data, EXTR_SKIP);
    require __DIR__ . "/vipande/$faili.php";
}

Hapo extract yageuza data uliyotuma kuwa vigeu, na kilicho ndani ya function, yaani kipande cha msimbo chenye jina, hakitoki nje. Unaita kipande('kadi', ['jina' => $leso['jina'], 'bei' => $leso['bei']]) na kadi inaona ulichoipa tu. Dakika ile ile pindo la chini likawa tupu, maana nalo nililiita bila kulipatia jina la duka. Hilo halikunichukua hadi alfajiri.

Faida niliiona na leso ya "Ng'ombe akivunjika guu malishoni hukimbilia zizini". Picha ikichelewa kufunguka, pahali pake palitokea "Ng" tu. Maelezo ya picha niliyafunga kwa alama za nukuu za mkato mmoja, na ritifaa (') ya ng'ombe ikazifunga mapema. htmlspecialchars, amri ya PHP inayozuia alama kama hizo zisivuruge ukurasa, nilikuwa nayo, ila kabla ya PHP 8.1 haigusi ritifaa mpaka uitajie ENT_QUOTES, na seva yetu ilikuwa bado kwenye PHP 7. Nikaongeza neno hilo moja ndani ya kadi.php nikiwa kwenye foleni ya feri, Likoni, kwa simu. Kurasa zote zikapona kabla sijavuka.

Gharama ni ile ile ya kukodi seva, elfu nne au tano kwa mwaka, na bando nisilotaka kulihesabu.

Juzi ami kanipigia tena. Wateja wamuulizia yule "Hasidi Hana Sababu" alihamia wapi. "Mrudishe, mwanangu. Leso ile imeisha dukani." Nikamwandika kwa mkono kwenye pindo_chini.php, mstari wa tisa.